Krimu ya dawa tatu kwa moja: nikipaka muwasho unaisha, nikiacha unarudi na mabaka mapya. Nifanyeje?

Dada mfamasia shikamoo,

Naomba unijibu hata kwa kifupi, manake hili jambo nimelibeba peke yangu muda mrefu na aibu ndo inanifanya nisiende hospitali.

Lilianza baka dogo tu paja la ndani, karibu na kinena. La mviringo, pembeni pameinuka pana vipele vidogo na ngozi inabanduka, katikati pametulia. Linawasha hasa, usiku ndo balaa. Nikaenda duka la dawa nikasema nina fangasi, nikapewa tyubu ya krimu, wakaniambia hii ni kiboko ina dawa tatu ndani yake, iwe fangasi iwe bakteria iwe aleji yote inamaliza. Na kweli dada, nilipaka usiku asubuhi nikaamka muwasho hakuna. Baada ya siku chache hata wekundu haupo, nikaacha. Haukupita muda likarudi, nikapaka likatulia, nikaacha likarudi, ndo yakawa maisha yangu mpaka leo.

Sa hivi mabaka yameshuka mpaka katikati ya paja, mengine yamepanda tumboni pale mkanda unapokaa na mengine makalioni, na hayana tena ile duara ya mwanzo, yani ngozi imekaa tu kama imechafuka, wekundu umechanganyika na kahawia. Krimu nayo haifanyi kazi kama zamani, zamani nilikuwa napaka mara moja natulia siku nzima, sa hivi nisipopaka asubuhi na jioni siwezi kukaa na watu. Af kuna michirizi imetokea palepale kinenani, ya zambarau, na ngozi imekuwa nyembamba nikijikuna kidogo inachubuka.

Mume wangu naye ameanza kuwashwa, tunachangia tyubu. Mtoto wetu bado yuko kwenye nepi, alipata upele wa makalioni nikampaka hiyohiyo ukaisha haraka sana, kwa hiyo kila nikiona wekundu nampaka. Na mdogo wangu wa kike yeye anaipaka usoni kabisa, alianza na chunusi sa hivi anasema inamtakatisha.

Nimesikia kuna krimu nyingine kali kuliko hii. Nibadilishe? Au ninunue na vidonge vya ketoconazole nimeze, manake kuna mtu kanitajia. Na hii michirizi itaondoka?

Ni mimi, mama mwenye muwasho.

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyoeleza dirishani, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Nianze na hilo la krimu kali zaidi: hapana, usinunue. Shida yako haijatokana na krimu kuwa dhaifu. Ndani ya hiyo tyubu kuna kitu kinachokupa nafuu leo na ndo hichohicho kinachowapa fangasi nafasi ya kutanuka.

Chukua hiyo tyubu sasa hivi uigeuze, usome yale maandishi madogo, sio jina kubwa la mbele. Utakuta majina mawili au matatu na asilimia zake. Jina linaloishia na -azole, mfano clotrimazole au miconazole, ndo dawa ya fangasi. Linaloishia na -mycin au -micin, mfano neomycin au gentamicin, ndo antibayotiki, dawa ya bakteria. Halafu kuna la tatu, betamethasone au clobetasol au beclometasone au dexamethasone, hiyo ndo steroidi. Asilimia yake utaiona ni ndogo, clobetasol mara nyingi wanaandika 0.05, ukilinganisha na clotrimazole ambayo ni 1 unaweza kudhani hiyo steroidi imewekwa kidogo tu kama kionjo. Sivyo. Clobetasol kwa 0.05 hiyohiyo ipo kwenye kundi la juu kabisa la ukali wa steroidi za kupaka.

Steroidi inafanya nini? Ule wekundu, muwasho na uvimbe unaouona sio fangasi wenyewe, ni mwili wako unapigana nao. Steroidi inauambia mwili tulia, acha kupigana. Ndo maana asubuhi uliamka huna muwasho, lakini fangasi walikuwa palepale na sasa hakuna anayewasumbua, ni sawa na kumfunga mbwa mdomo usiku huku wezi wako uani. Utaniuliza, si kuna dawa ya fangasi humohumo ndani? Ipo, ila dawa ya fangasi ya kupaka inahitaji wiki kadhaa kumaliza kazi, na wewe ulikuwa unaacha ndani ya siku chache kwa sababu steroidi ilishafuta dalili zote, hakuna mtu anayeendelea kupaka dawa mahali ambapo haoni kitu. Kwa hiyo kila mara fangasi walikuwa wanapata dozi nusu, kinga imenyamazishwa, wanajipanga upya na kusogea mbele. Ukirudia hivo mara nyingi unapata hasa hicho ulichonacho, mabaka makubwa, yamepoteza ile duara yake, hata daktari akiyaangalia kwa macho anaweza asijue ni fangasi. Sio jambo geni hili, kwenye jarida la madaktari la Uingereza limeandikwa tangu 1968, na mpaka leo wagonjwa wanakuja nalo kwa sababu hizi krimu zinapatikana kirahisi na zinatoa nafuu ya haraka.

Lile baka la kwanza ulivyolieleza, pembeni pameinuka katikati pametulia, linaendana sana na fangasi wa kinena. Sijakuona kwa macho kwa hiyo sitaapa, kuna ukurutu na magonjwa mengine yanayofanana nalo, na ndo sababu moja kati ya zinazonifanya nikutume hospitali.

Sasa, ufanye nini.

Hiyo krimu ya mchanganyiko lazima uachane nayo, ila nataka uiache ukiwa mikononi mwa daktari, usiitupe leo ukabaki nyumbani unahangaika peke yako. Umeipaka muda mrefu, eneo kubwa, mara mbili kwa siku, na kinena ni sehemu ambayo ngozi inagusana na ina joto na unyevu, dawa inapenya zaidi kuliko mkononi au mguuni. Ikipenya nyingi kwa muda mrefu inaingia mpaka kwenye damu na mwili unaweza kupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Sio wengi wanafika huko kwa krimu ya ngozi, lakini wapo. Ukiona unachoka kupita kawaida, kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu, hamu ya kula imepotea, usisubiri, nenda siku hiyohiyo na uwaambie kabisa nimekuwa napaka steroidi muda mrefu. Na hiyo tyubu uibebe, hata kama imeisha beba ganda lake, daktari akisoma majina pale anaokoa muda mwingi sana.

Na jiandae kisaikolojia kwamba ukiiacha siku za kwanza hali itaonekana mbaya zaidi. Wekundu utapanda, muwasho utapanda, ile duara inaweza hata kurudi. Hapa ndo watu wengi wanashindwa, wanasema unaona, bila ile krimu siwezi, wanarudi palepale. Hiyo ni kinga yako inaamka na kukuta fangasi wamejaa. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kinasaidia, unakiweka juu ya mabaka dakika kadhaa kisha unajikausha vizuri, na vidonge vya aleji kama cetirizine vinaweza kukupunguzia usumbufu wakati dawa yenyewe inafanya kazi, ila kama unanyonyesha sema kabla hujapewa kidonge chochote.

Hospitali wasikutishe. Kipimo chenyewe ni kidogo, wanakwangua magamba kwenye ukingo wa baka, hawakati, wanaweka kwenye kioo na tone la dawa inayoyeyusha ngozi halafu wanaangalia kwa hadubini wanaona nyuzi za fangasi. Kama una miadi ya kipimo usipake dawa ya fangasi siku chache kabla, inaweza kuficha majibu. Na daktari wa ngozi makalio na kinena ndo kazi yake ya kila siku, hakuna kitu chako atakachokishangaa. Kama unajisikia vizuri na daktari mwanamke, omba, ni haki yako.

Tiba ya fangasi wa ngozi ya kawaida, ambao hawajachezewa na steroidi, ni krimu ya fangasi tupu. Nasisitiza tupu, yani ukigeuza tyubu unakuta jina moja tu. Clotrimazole asilimia 1 inapakwa mara mbili kwa siku, wiki mbili mpaka nne, na hata ukiona ngozi imekuwa safi unaendelea wiki moja mpaka mbili mbele. Terbinafine asilimia 1 inamaliza mapema zaidi, mara nyingi wiki moja au mbili. Unaosha, unakausha mpaka pakavu kabisa, unapaka tabaka jembamba na unavuka ukingo wa baka kama sentimita mbili kuingia kwenye ngozi inayoonekana nzima, kwa sababu fangasi wako mbele ya pale macho yako yanapoishia. Halafu unanawa mikono.

Kiasi cha kupaka watu wanakosea sana kwa hiyo nikuonyeshe. Nyosha kidole cha shahada, kamua krimu kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye ule mstari wa kwanza wa kiungo. Huo mstari wa krimu ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Pima mabaka yako kwa viganja utajua unahitaji kiasi gani, na utajua pia kama tyubu ya gramu 15 inakutosha kumaliza dozi au itaishia katikati, manake hiyo ina mistari kama thelathini tu. Wengi dozi inakatika hivihivi, tyubu imeisha, ngozi inaonekana nzuri, basi.

Ila kwa hali yako wewe naona uwezekano mkubwa daktari akakupa vidonge, kwa sababu mabaka ni mengi na fangasi waliozoea steroidi wanaweza kushuka mpaka kwenye mashina ya vinyweleo ambapo krimu haiwafikii vizuri. Vidonge ni vizuri vikiandikwa na mtu aliyekupima na kukuuliza kuhusu ini lako, dawa nyingine unazomeza na kama una mimba. Hiyo ketoconazole uliyotajiwa ya kumeza achana nayo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivyo visitumike tena kwa fangasi kwa sababu vinaweza kuumiza ini vibaya, na mwaka huohuo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikasema visiwe dawa ya kuanza nayo kwa fangasi wowote. Krimu na shampuu ya ketoconazole hazina tatizo hilo, nazungumzia vidonge. Zipo dawa nyingine za kumeza zilizo salama zaidi kwa ngozi, mwachie daktari achague.

Kuna na jambo lingine linalonifanya nisikubali uendelee kujaribu jaribu. Mwaka 2020 watafiti walieleza aina mpya ya fangasi wa ngozi, Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi terbinafine haimwezi. Anasababisha mabaka makubwa ya kuwasha kinenani, makalioni na mwilini, na wataalamu wengi wanaona hizi krimu za mchanganyiko zenye steroidi zimechangia kumpa nguvu. Marekani walitangaza wagonjwa wao wa kwanza 2023, huko New York. Sisemi ndo wewe, nasema kama umetumia dawa sahihi kwa dozi sahihi na hakuna mabadiliko, rudi waambie, usiongeze dozi mwenyewe.

Tuje kwa mtoto, na hapa ndo nina wasiwasi zaidi. Tafadhali usimpake tena hiyo krimu, na umpeleke hospitali wiki hii hata kama makalio yake yanaonekana mazuri. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, mwili wake ni mdogo, na nepi inafunika dawa palepale kiasi kwamba inapenya nyingi kuliko kawaida. Watoto waliopakwa steroidi kali chini ya nepi kwa muda wamewahi kuvimba mashavu uso ukawa wa duara, wakaongezeka unene huku urefu umesimama, kwa sababu homoni zao zimevurugika. Kijikaratasi cha krimu ya clotrimazole na betamethasone kinasema wazi isitumike kwa upele wa nepi na haishauriwi kwa walio chini ya miaka 17. Mwambie daktari umempaka mara ngapi na kwa muda gani, bila kupunguza. Hakuna wa kukugombeza, na akikugombeza vumilia tu umweleze, ni mtoto.

Upele wa nepi wenyewe mara nyingi ni mkojo na kinyesi vinaunguza ngozi. Badilisha nepi mara kwa mara, msafishe kwa maji, mwache bila nepi muda kidogo apate hewa, paka krimu nene ya zinki kama kinga. Ukiona wekundu mkali umeingia mpaka kwenye mikunjo na una vipele vidogo vimejitenga pembeni, hao ni fangasi aina ya kandida, na watapata dawa ya fangasi tupu, nystatin au clotrimazole, kwa maelekezo.

Mume wako atibiwe wakati mmoja na wewe, na akaguliwe na miguu, katikati ya vidole. Wewe pia jikague. Fangasi wa miguu ndo chanzo cha fangasi wengi wa kinena, mtu anavaa chupi anaipitisha kwenye mguu wenye ugonjwa anaupandisha juu. Ukitibu kinena ukaacha miguu utarudi kuniandikia. Wakati mnatibiwa vaeni soksi kwanza ndo mvae chupi, inaonekana kitu kidogo lakini inasaidia. Kila mtu taulo lake, na ikibidi hata taulo la kinena liwe tofauti na la mwili. Nguo za ndani zibadilishwe kila siku, zifuliwe kwa maji ya moto, zikauke kabisa, mashuka vilevile. Nguo za kubana weka pembeni kwa sasa. Na acheni kuchangia tyubu, yeye anaweza kuwa na ugonjwa tofauti na wako.

Mdogo wako wa usoni ndo anaenda pabaya bila kujua. Huko kutakata anakokuona ni steroidi inabana mishipa ya damu na kupunguza rangi ya ngozi, haidumu. Baadae zinakuja chunusi nyingi zaidi za aina moja, mishipa midogo myekundu inaanza kuonekana, vinyweleo vinaota, uso unawaka moto akikaa juani, na siku akiacha unavimba na kuwa mwekundu mpaka anaogopa kioo. Ikiwa inafika karibu na macho kuna hatari ya presha ya macho na mtoto wa jicho. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, wewe na yeye mnaweza kwenda pamoja. Mwambie asiache na kurudia, aache akiwa na mtu anayemfuatilia, inaweza kuchukua miezi uso kutulia.

Kwa haki niseme pia, hizi krimu sio sumu. Zina kazi yake. Kuna fangasi wanaokuja na uvimbe na muwasho mkali sana, kuna ukurutu ulioingiliwa na bakteria, daktari akishajua ni nini anaweza kukupa ya mchanganyiko siku chache za mwanzo ili upate usingizi, kisha anakuhamishia kwenye dawa tupu. Hata watengenezaji wenyewe wanaweka mipaka, hiyo ya clotrimazole na betamethasone kwa kinena na mwili isizidi wiki mbili, kwa miguu isizidi wiki nne, na isizidi gramu 45 kwa wiki. Clobetasol isizidi wiki mbili mfululizo. Mipaka hiyo ipo kwenye kijikaratasi ndani ya boksi, na shida kubwa ni kwamba watu wengi wanapewa tyubu mkononi boksi limebaki dukani. Siku nyingine ukinunua dawa ya ngozi omba boksi na karatasi lake, na uliza maswali matatu tu: kuna steroidi ndani? napaka siku ngapi? nisipopona nirudi lini? Asiyeweza kukujibu hayo usinunue kwake.

Na ile antibayotiki iliyomo haina faida kwa fangasi hata kidogo, inakaa pale kuwafundisha bakteria wa ngozi yako kuizoea. Neomycin pia inaleta aleji kwa watu wengi tu, kwa hiyo muwasho mwingine unaweza kuwa unatoka kwenye krimu yenyewe.

Ukiwa pale hospitali omba na kipimo cha sukari. Fangasi wanaorudi rudi wakati mwingine ndo dalili ya kwanza ya kisukari, au kinga ya mwili kushuka, afadhali ujue. Na usingoje miadi endapo utapata homa, au sehemu imekuwa ya moto na kuvimba na wekundu unatembea haraka, au usaha, au maumivu makali badala ya muwasho. Hao ni bakteria na wanahitaji tiba siku hiyohiyo.

Umeuliza michirizi itaondoka? Sitakudanganya. Ule wembamba wa ngozi na kuchubuka vinaweza kurudi taratibu ukishaacha steroidi, ngozi inajijenga. Michirizi yenyewe ni ngozi iliyochanika kwa ndani, rangi ya zambarau itafifia kwa miezi mpaka iwe ya kupauka na isionekane sana, lakini kufutika kabisa haitafutika, na usikubali mtu akuuzie mafuta kwa kukuahidi hivyo. Kinachowezekana ni kuzuia mingine isitokee, na hilo linaanza siku utakapoacha hiyo tyubu.

Nenda hospitali, na ukipata majibu niandikie walikuta nini na wamekupa dawa gani, tuangalie pamoja dozi yake.